Riyadha ya Uwanjani: Jawabu kwa Ndugu Zetu wa Kitale na Bungoma

Imeifikia darsa yetu barua ya ndugu mmoja mwenye asili ya Mombasa, ambaye sasa ana duka Bungoma. Asema kwamba umri wake umepita miaka 50. Tabibu amempima akamkuta na maradhi ya sukari, akamwamuru apunguze vyakula vya wanga na autumikishe mwili wake. Karibu na anapokaa pana uwanja ambao vijana wamesimika nguzo za chuma, na kila alasiri hujining'iniza na kujivuta hapo. Alipotaka kwenda naye, wenziwe wa msikitini walimcheka. Mmoja akamwambia kuwa hayo ni mambo ya watoto na wahuni, na kwamba mtu mzima mwenye ndevu nyeupe haimpasi kuonekana akining'inia kama tumbili. Sasa auliza: aende au akae? Na mkewe, ambaye ana presha, yeye aende wapi?

Twajibu: aende. Na madhali suali hili si lake peke yake, bali wako wengi wenye hali moja naye, Kitale na Bungoma, na huku kwetu Mombasa, Malindi na Lamu pia, tumeona tulipe nafasi ya somo zima la safari hii. Suali la mkewe ni zito kuliko la kwake, nalo tutalifikia.

Kinachokusudiwa hapa ni vyombo vya mazoezi vilivyosimikwa nje, pasipo ukuta wala paa. Viko vinavyotengenezwa kiwandani vikakazwa ardhini kwa simiti: chuma cha kujivuta, vyuma viwili sambamba vya kujiinua, kiti cha kusukuma kwa miguu, vikanyagio vya kutembea hewani, gurudumu la kunyoosha mabega. Na viko vya kienyeji, ambavyo vijana wa mitaa mingi ya miji ya Kenya hujitengenezea wenyewe: bomba la maji likalazwa juu ya nguzo mbili, na mikebe ya rangi ikajazwa simiti na kuchomekwa kwenye ncha za bomba jingine, ukawa ndio uzito wa kuinua. Jambo hili si geni duniani. Mji wa Zürich, Uswisi, ulifungua mwaka 1968 njia ya msituni yenye vituo vya mazoezi, na mfano wake ukaigwa na nchi za jirani. Uchina ilipoanza mpango wake wa siha ya taifa mwaka 1995, ilijaza vyombo hivi katika mitaa na bustani zake. Na wanaovitumia huko kila asubuhi, wengi wao ni wazee wenye mvi. Basi hilo neno la kwamba ni mambo ya watoto latoka katika desturi yetu sisi, wala halitoki katika chuma chenyewe.

Wala halitoki katika dini. Katika Sunan za Abu Daud imepokewa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alishindana mbio na mkewe Bibi Aisha wakiwa safarini, naye Bibi Aisha akamshinda. Kisha baada ya muda, Bibi Aisha alipokuwa amenenepa, wakashindana tena, Mtume akashinda, akamtania kuwa hiyo ni kulipa ile ya kwanza. Na anayezijua tarehe atambua kuwa wakati huo umri wa Mtume ulikuwa umekwisha kupita miaka 50. Katika Bukhari imo habari ya Wahabeshi waliocheza kwa mikuki msikitini siku ya Idi, Mtume akiwatazama wala asiwakataze. Na Ibn Sina, aliyekufa mwaka 1037, alipoandika Kanuni yake ya utabibu aliipa riyadha mlango wake katika kitabu cha kwanza, mbele ya dawa, akahesabu humo mieleka, kutembea kwa haraka, kubembea, na hata kupanda vyombo vidogo vya majini. Huyo anayemcheka mwenziwe kwa kuning'inia chumani amcheke na Ibn Sina basi.

Yanayolaumiwa yajulikana. Mtu asiache mapaja wazi mbele ya watu, asiikose sala kwa ajili ya mchezo, asiweke dau, asiufanye mwili wake kuwa maonyesho. Suruali pana na fulana yenye mikono vyatosha. Zaidi ya hapo ni kujitilia uzito bure.

Sasa tuje katika haja yenyewe. Mwaka 1953 tabibu wa Uingereza, Jeremy Morris, pamoja na wenziwe, alitangaza habari ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva na mkata tikiti walikuwa wakipanda basi moja, wakivuta hewa moja, na hali yao ya maisha haikupishana sana. Tafauti yao kubwa ni kwamba dereva alikaa kutwa, na mkata tikiti alipanda na kushuka ngazi mamia ya vidato kila siku. Ikaonekana kwamba wakata tikiti waliugua moyo kidogo kuliko madereva, na walipougua hawakufa upesi kama wao. Tangu hapo elimu hii imepanuka, na haijarudi nyuma.

Tulinganishe na kwetu. Wakongwe wa Bungoma na Busia wazikumbuka zama ambazo boda boda ilikuwa ni baiskeli, na jina lenyewe lilizaliwa pale mpakani. Kijana aliyemvusha abiria kwa miguu yake tangu asubuhi hadi magharibi hakuhitaji kuambiwa afanye mazoezi. Kisha kodi ya pikipiki ndogo ikaondolewa mwaka 2008, na baiskeli zikapungua barabarani. Leo mpandaji amekaa na mpandwaji amekaa. Hatusemi kwamba pikipiki ni balaa, kwani imewalisha wengi na imewawahisha wagonjwa hospitalini. Twasema tu kwamba jasho lile limetoka barabarani, na halikupata mahali pengine pa kwenda.

Wala tusitie chumvi. Utafiti wa afya uliofanywa Kenya mwaka 2015 kwa watu wa miaka 18 hadi 69 ulikuta kwamba wasiofikia kiasi cha harakati kinachotakiwa ni wachache, kama 6 au 7 katika kila 100. Mkulima wa Trans-Nzoia na mkewe, na mpagazi wa Kitale abebaye gunia la mahindi la kilo 90 mgongoni, hao hawana haja ya chuma chetu; wana haja ya kupumzika. Lakini utafiti uo huo ulikuta karibu mtu mmoja katika kila wanne ana presha iliyopanda. Sasa ndugu msomaji ajiulize: sisi watu wa miji, wa dukani na afisini, tulio nyuma ya meza tangu saa mbili hadi saa kumi na mbili, na chai ya maziwa yenye sukari vijiko vitatu ikija kila baada ya saa mbili, tumo katika kundi lipi? Watu wetu walipofika bara zamani kwa biashara walifika kwa miguu. Wajukuu zao hawaendi kwa miguu hata kutoka dukani hadi msikitini.

Mwenye sukari na ajue namna dawa hii inavyofanya kazi, kwani anayeijua hataiacha. Chakula kikiisha kusagika, sukari huingia katika damu, na kongosho hutoa insulini ili kuifungulia sukari hiyo mlango wa kuingia katika misuli. Kwa mwenye maradhi haya, aghalabu mlango huo umekuwa mzito. Insulini yabisha, na misuli haiitikii vyema. Misuli inapofanya kazi ya nguvu hujifungulia mlango mwingine wenyewe, ikavuta sukari kutoka katika damu hata pasipo kungoja insulini. Na baada ya kazi kwisha, ule mlango wa kwanza nao hubaki mwepesi kwa muda wa siku moja hadi mbili. Ndiyo maana matabibu wakataza kupitisha zaidi ya siku mbili mfululizo bila zoezi. Mwenye kujikusuru Jumapili moja kwa mwezi amejichosha tu.

Na misuli ndiyo ghala la sukari hiyo. Tangu mtu apite miaka 30 misuli yake huanza kupungua pole pole kila mwongo, hata akifika uzeeni kuinuka kutoka katika mkeka wa sala ni shida. Kutembea ni kwema, lakini kutembea peke yake hakutoshi kuizuia hasara hiyo. Yataka misuli ipewe mzigo. Shirika la Afya Ulimwenguni, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lilimtaka mtu mzima apate kwa juma dakika 150 hadi 300 za harakati za wastani, na juu ya hizo siku mbili au zaidi za mazoezi ya nguvu. Hizo siku mbili ndizo tunazozisahau, na hapo ndipo chuma cha uwanjani kinapofaa.

Atauliza mtu: mbona usimwelekeze kwenye jumba la mazoezi, hiyo inayoitwa jimu? Mwenye fedha na aende. Lakini jimu ina mlango, na mlango una ada ya kila mwezi. Na tajriba yetu ni kwamba ada ya mwezi wa pili ndiyo inayowatoa watu. Uwanja hauna mwezi wa pili. Tena uwanjani wamo wa rika zote, na kijana aliyezoea humfundisha mgeni bila ujira. Na katika vyombo hivi mzigo wa mtu ni mwili wake mwenyewe, hivyo si rahisi mtu kuangukiwa na uzito ambao hakuuweza. Twaitoa katika sifa hiyo ile mikebe ya simiti: hakuna ajuaye kwa hakika uzito wake, ncha moja huweza kuwa nzito kuliko ya pili, na simiti hupasuka. Mtu wa makamo asianze nayo.

Vile vile vyombo vya kiwandani si sawa vyote. Vikanyagio vya kutembea hewani vyapendeza, na watoto huvigombania, lakini vyaenda kwa wepesi wake vyenyewe na misuli haipati mzigo wa kutosha; vyafaa kulegeza viungo kabla ya kazi, si kuwa ndiyo kazi. Lau tungepewa fedha za kusimika vyombo viwili tu, tungechagua chuma cha kujivuta chenye vimo viwili, na vyuma sambamba. Haya mengine ni mapambo. Na vyombo hivyo viwili, fundi yeyote wa kuchomelea katika soko la Kitale au Kanduyi aweza kuvitengeneza.

Mwanzilishi mwenye umri afanye hivi. Atembee kwa haraka dakika kumi hadi jasho litokeze. Kisha asimame mbele ya chuma kifupi cha kimo cha kifua, akishike, arudi nyuma hatua mbili, ajisukume kama asukumaye ukuta, mara nane au kumi, apumzike, arudie. Kisha akae juu ya benchi na kuinuka bila kujisaidia kwa mikono, mara kumi. Kisha ashike chuma hicho kifupi kwa chini, miguu ikiwa ardhini, ajivute kifua kiende chumani kadiri awezavyo. Kuning'inia miguu juu na kuje baadaye, wiki kadhaa, na wengine hawatafika hapo, wala si aibu. Mwenye presha asiibane pumzi anapojisukuma, kwani pumzi ikibanwa presha huruka juu ghafla. Na atoe pumzi wakati wa nguvu. Mwenye kutumia insulini au vidonge vya kushusha sukari achukue mfukoni tende au pipi, kwani sukari yaweza kushuka akazimia. Na asivae ndara, bali viatu vilivyofunika vidole, kwa sababu mguu wa mwenye sukari huumia bila kuhisi. Maumivu ya kifua, kizunguzungu, au pumzi isiyorudi: aache papo hapo, aende kwa tabibu. Na mwenye homa asitoke kabisa; Bungoma i katika ukanda wa malaria ya mwaka mzima, na homa ya huko si ya kuifanyia ushujaa.

Hapa hatuna budi kuizungumza miji yenyewe, kwa sababu mtu wa pwani akenda huko na desturi za pwani atajidhuru. Kitale iko juu ya usawa wa bahari kwa karibu mita 1,900, katikati ya Mlima Elgon na vilima vya Cherangani. Bungoma ni kama mita 1,400. Uzito wa hewa ya Kitale umepungua takriban moja ya tano kuliko wa Mombasa, na kila pumzi huleta oksijeni kidogo kwa kadiri hiyo. Mgeni akitweta akipanda ngazi asidhani ana maradhi ya moyo. Mwili wataka wiki moja mbili upate kuzoea, na siku hizo afanye nusu ya alichokizoea. Hewa hiyo hiyo ndiyo iliyowalea wakimbiaji wa nchi zile. Ben Jipcho, aliyepata medali ya fedha katika Olimpiki ya Munich mwaka 1972, alitoka upande wa Mlima Elgon. Na Tegla Loroupe, mwanamke wa kwanza wa Afrika kushinda mbio za New York mwaka 1994, alitoka Pokot Magharibi, kaskazini ya Kitale.

Asubuhi ya Kitale ni baridi, na chuma chauma mkono. Basi mwenye kwenda baada ya sala ya alfajiri avae sweta na alegeze viungo muda mrefu zaidi. Lakini asubuhi ndiyo saa bora ya miji yote miwili, kwa sababu ya jambo ambalo watu wa pwani hawalijui vyema, nalo ni radi. Kenya ya magharibi ni nchi ya ngurumo nyingi, na katika miezi ya mvua, tangu Machi au Aprili na kuendelea, wingu hujikusanya adhuhuri na radi hupiga alasiri. Mtu aliyeshika nguzo ya chuma katikati ya uwanja mtupu amejiweka mahali pabaya kuliko pote. Ikisikika ngurumo ya kwanza, ijapokuwa jua lingali likiwaka, watu watoke uwanjani waingie ndani ya nyumba. Wasikimbilie chini ya mti. Neno hili na liandikwe kwa herufi kubwa penye kila chuma cha Kitale na Bungoma.

Katika Ramadhani, mwenye kufunga afanye mazoezi mepesi muda mfupi kabla ya futari, au baada ya tarawehe. Na mwenye sukari ashauriane na tabibu wake kwanza.

Sasa suali la mke. Katika utafiti ule wa 2015, walionenepa kupita kiasi miongoni mwa wanaume walikuwa 17.5 katika kila 100, na miongoni mwa wanawake 38.5. Yaani walio na haja kubwa zaidi ya riyadha ndio tuliowafungia milango yake. Tukiona mwanamke aenda mbio barabarani twanong'ona. Tukimwona ukumbini amevimba magoti twamwambia avumilie. Bibi Aisha hakukimbia ukumbini. Wanawake wanaokwenda uwanjani kwa heshima na mavazi ya stara hawana lawama, na wenye kuwatolea maneno ndio wenye lawama. Lakini twajua kwamba walio wengi hawatakwenda mbele ya wanaume, na wana haki ya kuona haya. Basi watafutiwe mahali.

Na mahali papo. Msikiti wenye madrasa aghalabu una ua uliozungushwa ukuta. Siku za juma, watoto wakiwa katika skuli za serikali, ua huo hulala mtupu tangu asubuhi hadi alasiri. Nguzo mbili na bomba moja zikasimikwa pembeni, na saa tatu hadi saa tano zikawekwa kuwa za wanawake, mlango ukashikwa na mmoja wao: gharama yake haifiki ya karamu moja ya maulidi. Jua la saa hizo lina faida nyingine pia, kwani ngozi hutengeneza vitamini ya mifupa kwa jua, na mwanamke akaaye ndani kutwa hulikosa. Ndani ya ukuta, mbele ya wanawake wenziwe, aweza kufunua mikono yake. Kinachozuia si fedha wala fatwa. Kinachozuia ni kamati ambazo wajumbe wake wote ni wanaume, nao hawajalifikiri.

Ama viwanja vya mji, hivyo ni vya kupiganiwa. Ripoti ya tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilionyesha namna ardhi za umma zilivyonyakuliwa nchini Kenya, na viwanja vya michezo vilikuwa miongoni mwao. Chini ya Katiba ya 2010, bustani na mahali pa burudani ni kazi ya serikali za kaunti, na kaunti haina budi kuwasikiliza wananchi inapotengeneza bajeti yake. Bungoma iliona mwaka 2024 uwanja wa Masinde Muliro, Kanduyi, ukitengenezwa kwa sherehe za Madaraka za tarehe 1 Juni. Fedha zikitakiwa, basi, hupatikana. Waislamu wa miji hiyo wasingoje kusemewa. Waende katika vikao hivyo, watu watano au kumi, pamoja na jirani zao wasio Waislamu, kwani presha haiulizi dini. Wataje kiwanja kwa jina lake na nambari yake, waombe vyuma viwili na taa moja. Na vikiisha kusimikwa, wawekwe watu wa kuvitazama, maana wauzaji wa vyuma chakavu hawalali. Mguu wa nguzo uzikwe ndani ya simiti kiasi cha mkono mzima, na chuma kipakwe rangi kila mwaka kabla ya mvua za Machi.